Mwaka wa Matuta Manane

Jumamosi iliyopita, saa mbili asubuhi, kabla sijainua hata nusu ya mlango wa kibanda changu cha kinyozi, dada yangu Shiko alinipigia simu kutoka Ngoingwa akasema maneno matatu: "Kuja na mashine." Sikuuliza ya nini. Binti yake, Kabi, alikuwa anaripoti shule ya bweni Jumatatu, Grade Ten, na barua ya shule ilisema nywele ziwe fupi. Nimenyoa watu hapa Kimbo tangu nikiwa kijana asiye na ndevu. Nimenyoa watoto wanaorusha mateke, wazee wanaosinzia kitini, hata bwana harusi mmoja aliyetetemeka mpaka nikamtuma akanywe chai kwanza. Lakini asubuhi ile, nikikunja waya wa mashine niutie kwenye begi, viganja vyangu vilikuwa vimelowa jasho. Nilitoka nikasahau spirit ya kusafishia mashine, nikarudi. Nikatoka nikasahau kitambaa cha shingoni, nikarudi tena. Mara ya tatu nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikajitazama kwenye kioo, mwanamume mwenye mvi kidevuni, nikakubali kwamba naogopa. Kichwa kile nilikatazwa kukinyoa zamani, na hakuna aliyewahi kuniambia katazo limekwisha.

Kabi alikuwa na miaka minne Shiko alipopata kazi ya usafi katika hoteli moja Uarabuni, mkataba wa mwaka mmoja. Kwa nini mtoto aliachwa na mimi, kijana wa chumba kimoja nyuma ya kinyozi, ni habari ndefu na si ya leo. Ninachokumbuka ni mchana wa kuondoka. Sanduku lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba ya manila. Kwenye meko kulikuwa na ndengu zilizobaki na wali, na chumba kizima kilinuka vitunguu na mafuta ya nywele. Shiko alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto katikati ya magoti yake, akimsuka matuta manane makubwa, manne kila upande. Nywele za Kabi ni za shida. Ni laini mno na zinajikunja zenyewe, ukiziacha wazi nusu saa unakuta zimeshikana mafundo. Shiko alisuka kwa haraka, macho yake yakienda kwenye saa ya simu kila mara. "Mwangi, dawa ya kifua iko kwa kabati," aliniambia. "Na usimnyoe. Najua hiyo mkono yako, ukiona shida unawasha mashine. Usimnyoe, umeskia?" Nikasema nimesikia. Halafu akamgeuza mtoto, akamshika mashavu, akamwambia, "Kaa na Anko vizuri. Mimi nikirudi nitakufumua mwenyewe." Ilikuwa ni kauli ya kumtuliza mtoto, ya kusemwa mtu akiwa na haraka, na mimi sikuitia maanani. Nilibeba sanduku mpaka stage ya matatu nikifikiria dawa ya kifua.

Wiki mbili za kwanza matuta yalikaa. Ya tatu yakaanza kuota manyoya. Nilipomwambia Kabi tuyafumue, aliufunika utosi kwa mikono miwili akapiga yowe lililowaleta majirani watatu mlangoni, mmoja akiwa bado ameshika mwiko wa ugali. Nikasema basi, kesho. Kesho ikawa vilevile. Nikafikiri ni ukaidi wa watoto, utapita. Lakini kila asubuhi alipoamka niliona kichwa kimezidi kuharibika. Sufi za blanketi zilikuwa zinaingia ndani ya nywele, nywele zinazikumbatia, na matuta manane yakaanza kuungana yakawa sita, yakawa manne. Kitu kilichonikera zaidi ni kwamba mimi ndiye fundi wa nywele. Watu walikuwa wanapanga foleni kwenye benchi langu wakingojea niwachonge, na nyuma ya pazia palikuwa na mtoto mwenye kichwa kama kiota. Nilianza kulala vibaya. Nilianza kula vibaya pia, nikimpa mtoto githeri na mimi mwenyewe nikimaliza chai tupu, nikiangalia kile kichwa kikiinama juu ya sahani.

Shiko alikuwa anapiga video call siku ya Ijumaa, saa saba mchana, saa yake ya kupumzika. Ijumaa ya tano nilifanya kosa ambalo najua nililifanya kwa sababu ya woga tu. Nilichukua marvin yangu, ile kofia ya sufi, nikamvalisha Kabi mpaka masikioni. Ilikuwa Juni, na Kimbo mwezi wa Juni ina baridi ya kweli, kwa hiyo uongo ulipita bila kusukumwa. "Haiya, kwani kumekuwa baridi hivyo?" Shiko akauliza. "Wacha tu," nikamjibu. "Huku hata mbwa wanatafuta jua." Akacheka. Kabi akamwonyesha mama yake jino linalotikisika, wakatumiana mabusu, simu ikakatika. Ijumaa iliyofuata marvin tena, na iliyofuata. Nilijua kofia ya sufi ndiyo inayozidi kuzisokota nywele, mtu yeyote wa kazi yangu anajua, na bado nilimvalisha. Julai ikaisha. Agosti jua likarudi, mabati yakaanza kulia mchana, na mtoto bado alikuwa ndani ya marvin, jasho likimtiririka kwenye nyusi. "Kwani ako na homa?" Shiko akauliza. Nikasema ni mafua kidogo.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama bomba la maji la plot yetu ya wapangaji, na yaliyosemwa bombani niliyasikia yote. Siku moja nikiwa namenya viazi nilisikia sauti mbili za wanawake, ndoo zikijaa. "Umeona huyo katoto ka kinyozi?" mmoja alisema. "Kanakaa hakana mtu." Mwingine akajibu, "Mwanaume atajua nini? Mimi nikiwa mamake singelala huko majuu." Halafu wa kwanza, kwa sauti ya chini ambayo pia niliisikia, "Mtu angeambia chifu, kachukuliwe kapelekwe mahali." Kisu kikasimama mkononi. Tangu siku hiyo, kila nilipoona mtu mgeni amevaa koti ameingia kwenye plot, nilimwita Kabi ndani. Kisha mwalimu wake wa nasari akanisimamisha langoni. Alikuwa mwanamke mpole, hata aliona haya kuniambia. "Baba Kabi, ama ni Anko? Watoto wanamcheka. Ile siku nilisema wavue kofia, alikaa chini ya meza. Jumatatu akuje amechanwa ama amenyolewa, tafadhali. Nisaidie nikusaidie." Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jumamosi jioni, mteja wa mwisho alipoondoka, niliulaza ule ubao tunaouweka juu ya mikono ya kiti ili mtoto afikie kioo, nikamkalisha Kabi juu yake. Nilimfunga kitambaa shingoni. Nilijiambia ni nywele tu, zitaota. Nilijiambia Shiko atakasirika wiki moja. Nikamvua marvin, nikawasha mashine. Nilitarajia yowe. Hakulia. Alinitazama kwenye kioo, akaweka viganja viwili juu ya kichwa, akasema polepole, "Anko, usitoe. Mami alisema atatoa yeye." Nikamwambia mami yuko mbali. "Ndio," akasema. "Ukitoa, atakuja kufanya nini?" Nilizima mashine. Miezi mitatu nilikuwa nimemwita mkaidi, kumbe alikuwa analinda kazi ya mama yake, ili mama awe na sababu ya kurudi. Nilimshusha, nikamkaangia mayai mawili na nyanya, akala yote. Mimi niliketi nikimtazama. Sasa nilijua siwezi kunyoa, na Jumatatu ilikuwa palepale.

Jumapili nilijaribu kuchana bila kufumua, kijuujuu, angalau mbele. Nilifanya kama ninavyofanya kwa wanaume wa afro: nywele kavu, chanuo kwenye shina, unavuta kuelekea nje. Jino la chanuo likavunjika likabaki humo ndani. Sasa Kabi alilia, na kilio hicho kilipenya ukuta wa mabati mpaka chumba cha pili, kwa Mama Swaleh. Huyu alikuwa msusi, mtu wa Thika, mwenye ulimi mkali na wateja wengi, na katika miaka miwili ya kupakana hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu na habari za stima. Aliingia bila kubisha, vidole vimejaa jeli. "Wewe Mwangi, unachana mtoto ama unapalilia shamba?" Akaninyang'anya chanuo, akakitazama, akakitupa kwenye ndoo ya takataka. "Kinyozi mzima na hujui nywele. Nyinyi mnajua kuondoa tu. Sikiliza, nasema mara moja, nina mtu kwa kiti. Maji kwanza, ziloe. Mafuta, usiogope mafuta. Kisha vidole, si chanuo. Unashika hapa katikati, hivi, mtoto asisikie mvuto, halafu unaanzia huku mwisho. Kwenye ncha. Ukimaliza ncha unapanda kidogo. Ukianzia kwenye shina unasukuma mafundo yote yakutane chini. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa, lakini mtoto hakubali yafumuliwe, ni ahadi ya mama yake. Alinitazama kama mtu aliyeona mpumbavu mpya. "Si umpigie huyo mama?"

Nilimpigia. Haikuwa Ijumaa, hakushika simu. Nilituma ujumbe, "Shiko ukipata nafasi, haraka," na kwa saa tatu nzima nilitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, kwa kuwa nilijua ujumbe kama huo, mtu akiusoma akiwa mbali na mtoto wake, anafikiria nini. Alipiga akiwa kwenye stoo ya mashuka, bado amevaa yunifomu. "Kabi ako wapi? Mwangi, Kabi ako wapi?" Nikamwambia yuko hapa, mzima. Kisha nikamvua Kabi marvin. Shiko akasogeza uso karibu na simu. Nyuma yake niliona shuka nyeupe zimepangwa mpaka juu. "Miezi ngapi?" akauliza. "Mitatu." "Na hiyo baridi? Na hiyo mafua?" Nikasema, "Nisamehe, niliogopa." Aliufunika mdomo kwa kiganja, na nikaona ananitukana na analia kwa wakati mmoja, bila sauti, asije akasikika nje ya stoo. Halafu akajifuta, akaniambia nimpe mtoto. "Kabi, skia mami. Hizo matuta zimechoka. Wacha Anko atoe hizo. Atakusuka ingine. Hizo ingine ndio mimi nitatoa nikirudi, sawa?" Kabi akafikiri. "Sure?" "Haki ya Mungu." Kabi akaja mwenyewe akaketi kati ya magoti yangu, simu tukaisimamisha kwenye chupa ya spirit.

Kazi hiyo haikuisha siku hiyo, wala Jumatatu, ambayo mtoto alibaki nyumbani kwa ruhusa ya mwalimu. Ilichukua siku tatu. Humo ndani nilitoa sufi za blanketi, jino la chanuo, shanga ya kijani ambayo hatukuwahi kujua imetoka wapi, na kipande cha chapati. Kabi alizipanga hizo mali zake kwenye kifuniko cha sufuria. Nilianzia ncha, nikapanda kidogo, nikarudi ncha. Mgongo uliuma kuliko siku yoyote ya kunyoa. Jumanne saa kumi nywele zote zilisimama huru, nyingi, na mtoto akatikisa kichwa mbele ya kioo akasema, "Ni kubwa!" Wateja wawili waliokuwa wakingojea walipiga makofi. Mmoja akauliza kama siku hizi nimefungua saluni, na kama naweza kumsuka ndevu. Nilicheka sana, zaidi ya mzaha wenyewe.

Basi nikajifunza kusuka. Mama Swaleh alinisema kwa majuma manne, "Hiyo ni njia ama ni mto?", na tuta langu la kwanza lilienda kombo mpaka sikioni, lakini kufikia Novemba nilikuwa nasuka matuta manane yaliyonyooka. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nachemsha maji, tunakaa mlangoni juani, Kabi na sahani ya mandazi mapajani, mimi na vidole vya mafuta. Aliniambia mambo yote ya nasari, nani alimng'ata nani, nani alijikojolea. Mara nyingine alilala, kichwa kikaning'inia, nami nikasuka nimekishika kwa goti. Sikuwahi kuacha kuogopa. Nilipima urefu wa nywele kwa kidole kila mwezi, nikihesabu siku, nikimwona Shiko akishuka na kuzikagua. Nilitaka akute hata moja haijapungua.

Alirudi Mei, mwaka mmoja na siku chache. Nilimsuka Kabi jana yake kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa kichwa chochote. Shiko aliingia kwenye kile chumba akiwa amekonda, mwenye sauti ya kukwaruza, na Kabi akamsalimia kwa mkono kama wageni wanavyosalimiwa. Tulikula chapati na nyama. Shiko hakula sana. Alinawa mikono kwa sabuni, akaketi ukingoni mwa kitanda, palepale, akapiga goti lake kwa kiganja. "Kuja nikufumue, si niliahidi?" Kabi akaenda, akakaa. Shiko akafungua tuta la kwanza, akachukua kichana, na akaanzia kwenye shina. Alivuta. Mikono yake ilikuwa imezoea kukamua matambara mwaka mzima, tena alikuwa na haraka ya kumpendeza mtoto. Kabi akaruka, akaja mbio akajificha nyuma ya miguu yangu. "Mami hajui!" akalia. "Anko ndio anajua!"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema neno. Ningesema, Shiko, anzia kwenye ncha, hivi, ningeshika mkono wake dakika moja na yote yangepita. Lakini nitasema ukweli, maana nimeuficha vya kutosha. Maneno ya mtoto yalinifurahisha. Mwaka mzima nilikuwa yule asiyejua kitu, wa kusemwa bombani, na sasa palikuwa na mtu asiyejua kuliko mimi. Nikakaa kwenye stuli, nikafungua magoti, nikamwambia Kabi, "Haya, njoo," na nikamfumua matuta yote manane mbele ya mama yake, vizuri, bila hata chozi. Shiko alicheka kidogo. Aliweka kichana kitandani, akachukua beseni la vyombo akatoka nalo nje, akaosha sahani tatu kwa muda mrefu sana. Tangu siku hiyo hakugusa tena kile kichwa. Alipopata nyumba Ngoingwa alimpeleka mtoto saluni Thika mjini, au alinipigia mimi. Watu wakisifu nywele za Kabi huwa anasema, "Hizo si kazi yangu, mimi sijui nywele," na anasema akicheka, na kila mara nageuka nitazame kitu kingine.

Ndiyo maana viganja vilitoa jasho Jumamosi iliyopita. Nilifika Ngoingwa saa nne. Kabi, ambaye sasa amempita mama yake kwa urefu, alifungua mlango akiwa na matuta ya nywele zake mwenyewe, ya Krismasi, yaliyoanza kushikana. "Niaje Anko. Usinyoe direct, fumua kwanza. Nataka kuziona zote, mara ya mwisho, nipige picha." Tukanywa chai. Sanduku la chuma lilikuwa sebuleni, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe. Akaleta mto, akauweka miguuni pangu, akageuka akae, kama tulivyofanya miaka yote. Nikafunga magoti. "Fumuliwa na mum wako," nikasema. Shiko alikuwa anafuta meza. "Wacha mchezo, mimi sijui nywele." Nikamwambia, "Ulimwahidi." Kabi akatuangalia kwa zamu. "Aliniahidi lini?" Yeye hakumbuki chochote, si marvin, si shanga ya kijani. Basi nikawasimulia wote wawili, stoo ya mashuka, siku tatu, na ile siku ya beseni. Nikamwambia Shiko nilijua anakosea wapi na nikanyamaza kwa raha zangu, na kwamba naomba msamaha. Alikunja kile kitambaa cha meza mara nne. "Nilidhani amenisahau," akasema. "Nikaona wacha nisimlazimishe."

Kabi alichukua mto akauhamishia kwenye miguu ya mama yake, akaketi. Shiko akatazama vidole vyake, akavifuta kwenye leso ingawa havikuwa na kitu. Akafungua tuta la kwanza. Akachukua kichana, akakiweka kwenye shina, akavuta, na Kabi akasema, "Uwi! Mum!" Mkono wa Shiko ukasimama hewani. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Nikakaa, nikaiweka mikono yangu chini ya mapaja, nikaikalia. Kabi alipeleka mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa mpaka akaupata wa mama yake, akaushusha taratibu hadi mwisho wa nywele. "Anzia hapa," akasema. Shiko akaanzia hapo.